Mhasibu na mtafuta ufadhili Zanzibar: nani anapokea zaidi, na kwa muda gani

Tangazo la kazi likiandika shilingi 1,500,000 kwa ofisa wa kutafuta ufadhili, na jingine shilingi 900,000 kwa mhasibu wa hoteli, vijana wengi hawasiti. Wanakimbilia la kwanza. Sisi tuliokaa miaka kwenye meza zote mbili, ya vocha na ya maandiko ya miradi, Unguja na Pemba, tunawaomba watazame kwanza mambo mawili ambayo tangazo halisemi: mshahara huo unatoka kwenye kifungu gani cha bajeti, na utaendelea kutoka kwa miezi mingapi.

Ukitafuta jibu mtandaoni utakutana na tarakimu za Marekani, na ni vyema uzijue ili zisikuchanganye. Takwimu za kazi za serikali ya nchi hiyo za Mei 2023 zinaonyesha kwamba mhasibu au mkaguzi wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu wako chini, alipata dola 79,880 kwa mwaka. Mtafuta fedha wa katikati alipata dola 64,160. Kwenye ngazi ya mameneja, anayesimamia ufadhili alikuwa na dola 119,200 na anayesimamia fedha dola 156,100. Kule, basi, uhasibu unaongoza chini na juu.

Huku kwetu mwanzo wa safari mara nyingi umegeuka. Ofisa wa ufadhili kwenye jumuiya, yaani asasi ya kiraia, yenye mfadhili wa nje huanza juu ya mhasibu msaidizi wa hoteli ya Paje au wa duka la jumla la Darajani. Lakini usidhani ni kwa sababu kazi yake imethaminiwa zaidi. Marekani chuo kikuu au hospitali huwa na idara nzima ya kutafuta fedha, na idara hiyo hulipwa kwa michango ya watu binafsi ambayo haina masharti mengi. Jumuiya ya Zanzibar haina michango ya aina hiyo. Karibu kila shilingi inayoingia imeshapangiwa kazi kabla haijafika benki, na katika mipango hiyo mtafuta ufadhili hayumo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo twende taratibu.

Mfadhili anapotoa ruzuku hatoi fedha ili jumuiya iishi. Anatoa fedha ili kazi fulani ifanyike: wanawake wa shehia kadhaa wafundishwe kilimo cha mwani, skuli zipate vyoo, wasichana wapate msaada wa kisheria. Bajeti hugawanywa sehemu mbili. Ya kwanza ni gharama za moja kwa moja za kazi hiyo. Ya pili ni gharama za uendeshaji wa ofisi kwa jumla, ambazo hukatwa kwa asilimia ya ile ya kwanza. Kwenye ruzuku za Umoja wa Ulaya asilimia hiyo haizidi 7. Kwenye fedha za serikali ya Marekani, kwa asasi ambayo haikujadiliana kiwango chake maalumu, ilikuwa 10, na kanuni mpya zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2024 ziliruhusu ifike 15.

Mhasibu wa mradi anakaa sehemu ya kwanza. Anaandikwa kwa uwazi: mhasibu, asilimia 100 ya muda wake, miezi 24. Mfadhili hapingi, maana anataka hesabu zake zitunzwe. Mtafuta ufadhili hawezi kukaa hapo, kwa sababu kutafuta fedha za mradi ujao si kazi ya mradi huu. Kanuni za fedha za serikali ya Marekani zinalisema waziwazi katika kifungu cha 200.442, kwamba gharama za kutafuta michango kwa kawaida hazidaiwi kwenye ruzuku. Kwa hiyo mshahara wake unabaki kwenye ile asilimia ndogo, pamoja na kodi ya ofisi, umeme, intaneti, mlinzi, ukaguzi wa mwaka na mara nyingi sehemu ya mshahara wa mkurugenzi.

Piga hesabu. Ruzuku ya Ulaya yenye gharama za moja kwa moja za euro 200,000 inatoa euro 14,000 za uendeshaji. Tuseme euro moja ni shilingi 2,800 ili hesabu iwe nyepesi: ni shilingi 39,200,000. Mradi ni wa miezi 24, kwa hiyo ni kama shilingi 1,633,000 kwa mwezi. Jumuiya iliyotangaza mshahara wa 1,500,000 kwa mtafuta ufadhili na ina ruzuku hiyo moja tu imebakiwa na shilingi 133,000 za kuendeshea ofisi nzima. Haiwezekani. Ama ina fedha nyingine ambayo hujaambiwa, ama mshahara huo utachelewa kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, ama wataugawa kwa njia ambayo utakuja kuijutia.

Njia hiyo ya kugawa ndiyo ya kawaida kuliko zote. Mkurugenzi anakwambia: tutakuweka asilimia 50 kwenye mradi wa kwanza kama ofisa mradi, asilimia 30 kwenye wa pili kama ofisa wa ufuatiliaji, na 20 tutalipa wenyewe. Kwenye mkataba inasomeka vizuri. Kisha kazi inaanza, na muda wako wote unakwenda kwenye kuandika maandiko mapya. Mwisho wa mwezi unaletewa taimushiti, ile fomu ya saa za kazi, uweke sahihi kwamba nusu ya saa zako zilitumika kwenye mradi wa kwanza. Mkaguzi akija hasomi taimushiti peke yake. Anaomba ripoti za safari zako, orodha za mahudhurio ya mafunzo uliyosimamia, barua pepe za kazi hiyo. Asipoziona, mshahara wako wa miezi yote unaandikwa gharama iliyokataliwa na jumuiya inatakiwa kuurudisha. Sahihi iliyo chini ya fomu ni yako wewe, si ya mkurugenzi. Ukikubali mpangilio huo, hakikisha kazi za mradi unazifanya kweli, kwa saa zile zile ulizoandika, na uweke ushahidi wake kwenye faili.

Mpangilio huo una tatizo jingine hata ukifanywa kwa uaminifu mtupu. Miradi hiyo haimaliziki kwa pamoja. Chukua mshahara ule ule wa 1,500,000 uliogawika 50, 30 na 20. Mradi wa kwanza unaisha Juni: hadi hapo umepokea 9,000,000. Julai hadi Septemba unapokea nusu, jumla 2,250,000. Mradi wa pili unaisha Septemba, na miezi mitatu ya mwisho unapokea ile 20 tu ya jumuiya, yaani 300,000 kwa mwezi, jumla 900,000. Mwaka mzima umepata 12,150,000, wastani wa 1,012,500 kwa mwezi.

Sasa mhasibu wa hoteli mwenye 900,000. Kwa miezi 12 ni 10,800,000. Hoteli nyingi za Nungwi, Kendwa na pwani ya mashariki huwapa wafanyakazi chakula na basi la kutoka mjini. Ukikisia chakula ni 4,000 kwa siku na nauli ya kwenda na kurudi 5,000, kwa siku 26 ni 234,000 kwa mwezi ambazo hazitoki mfukoni mwake. Kwa mwaka ni 2,808,000. Jumla imefika 13,608,000, kabla ya kuhesabu sevisi chaji inayogawiwa wafanyakazi msimu ukiwa mzuri. Yule wa 900,000 amempita yule wa 1,500,000. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za kwako. Ila njia ya kuhesabu ndiyo hiyo: mwaka mzima, pamoja na vitu, ukitoa miezi mitupu.

Kuna jambo moja tunataka kulisemea kwa nguvu kwa sababu linaharibu vijana wazuri. Jumuiya ndogo, Pemba na hata Unguja, humwambia kijana anayejua kuandika: hatuna mshahara, lakini ukituletea mradi utachukua asilimia 10. Linasikika kama bahati. Ni mtego. Fedha ikija inakuja na bajeti iliyoidhinishwa mstari kwa mstari, na hakuna mstari wa asilimia ya mwandishi. Ili ulipwe, mhasibu lazima atengeneze vocha ya uongo, kwa kawaida kwenye mstari wa mshauri au wa mafunzo. Mafunzo ya watu 60 yanafanywa ya watu 40. Mkaguzi anapiga simu kwa majina matano kwenye orodha ya mahudhurio, wawili hawajui kitu, na jumuiya inafungiwa. Kanuni za maadili za chama cha watafuta fedha cha Marekani, AFP, zinakataza kabisa malipo ya asilimia ya fedha zilizopatikana, na wafadhili wengi wana msimamo huo huo. Nao wana haki: anayelipwa kwa asilimia huandika bajeti kubwa kuliko kazi.

Kama huna ajira bali unaandika kwa kazi, dai malipo ya siku. Andiko la awali la kurasa chache ni siku tano hadi nane za kazi ya kweli, ukijumlisha kwenda shehiani kuzungumza na watu. Andiko kamili lenye jedwali la malengo, bajeti na mpango wa ufuatiliaji ni siku 15 hadi 20. Taja bei ya siku, chukua nusu unapoanza na nusu unapowasilisha. Unapowasilisha, si unaposhinda. Jumuiya ilipe kwa fedha zake: ada za wanachama, kukodisha ukumbi, kazi za ushauri ilizofanya. Malipo hayo yatakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo omba cheti cha kodi iliyozuiwa siku ile ile unayolipwa. Ukiacha wiki zipite, hakipatikani, na utakuja kutozwa tena.

Kwa upande wa muda, mtafuta ufadhili anadhulumiwa na kalenda. Mwito wa maandiko unatoka, andiko la awali lina wiki sita hivi, majibu miezi kadhaa, kisha andiko kamili, kisha maswali ya bajeti, kisha mkataba, kisha fedha ya kwanza. Mwaka mzima kupita si ajabu. Lakini mkataba wa mwandishi ni wa miezi 12, na mwezi wa kumi bodi inauliza: ametuletea nini? Mkarafuu haung'olewi kwa kutozaa mwaka wa kwanza. Tumeona maandiko yakishinda miezi miwili baada ya aliyeyaandika kuondolewa, na mshahara uliomo kwenye mradi huo ukaenda kwa mwingine. Mhasibu hana shida hiyo. Tarehe 7 ya kila mwezi makato ya kodi ya mishahara, PAYE, yawe yamefika Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha daftari na taarifa ya benki, ufanywe, mahesabu ya mwezi yafungwe. Kazi yake inaonekana kila mwezi na hakuna wa kumuuliza faida yake.

Meza ya uhasibu nayo si peponi, na hatutaki kuipamba.

Chini ngazi ni ndefu na nyembamba. Karani wa hesabu au wa stoo anaweza kuanza karibu sana na kima cha chini. Kwa mizani, kima cha chini cha watumishi wa Serikali ya Zanzibar kilichotangazwa Mei 2022 kilikuwa 347,000. Katika hoteli, mtu anaingia kama mkaguzi wa usiku, anayefunga mauzo ya siku na kulinganisha bili za wageni na mashine za kadi. Kutoka hapo anakwenda kwenye udhibiti wa gharama za jiko na baa, kisha mhasibu, kisha mhasibu mkuu. Anayekwama hukwama kwenye udhibiti wa gharama, kwa sababu anajua stoo vizuri mno na hakuna anayetaka kumtoa. Omba mapema kuhamia kwenye kodi na mishahara, hata kwa mshahara ule ule. Huko ndiko kunakopandisha.

Kodi za Zanzibar zina mlango wake wa fedha kwa anayezijua. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na inasimamiwa na TRA. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya hapa inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 15, si 18 ya Bara. Kampuni yenye duka Dar es Salaam na hoteli Michamvi inahitaji mtu asiyechanganya hizo mbili. Mhasibu aliyetoka Bara anaweza kukosea hapo miezi ya mwanzo, na kosa la VAT huja na faini na riba. Ukiwa unazimudu zote mbili, sema hivyo kwenye usaili, na uombe mshahara kulingana na hilo.

Kisha kuna CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba. Ngazi ya mwisho ina masomo manne: taarifa za fedha, ukaguzi, fedha za biashara na kodi. Ukishafaulu unahitaji pia miaka mitatu ya uzoefu wa kazi ili usajiliwe kama CPA. Wengi huanguka kwenye taarifa za fedha kwa sababu wanasoma wiki sita za mwisho wakati hoteli imejaa. Kwa mhasibu wa hoteli za hapa, mtihani wa Mei unaangukia masika, wageni ni wachache, na likizo inapatikana. Novemba ni kabla ya msimu wa Krismasi kupamba moto. Panga likizo yako ya mwaka kwa kufuata kalenda ya NBAA, si ya harusi za jamaa. Cheti hicho ndicho kinachobadilisha mshahara wa mhasibu kwa hatua moja kubwa, na hakuna kitu cha uzito huo upande wa ufadhili. Kuna cheti cha kimataifa cha watafuta fedha, CFRE, lakini waajiri wa Zanzibar hawakiulizi. Wanachouliza ni orodha: umeandika nini, kwa mfadhili yupi, uliomba kiasi gani, kikapatikana kiasi gani, na sehemu yako ilikuwa ipi. Itunze orodha hiyo tangu andiko la kwanza, pamoja na yaliyokataliwa.

Serikalini mhasibu ana muundo wa utumishi, ngazi na nyongeza inayojulikana, na mwisho wa safari kuna kiinua mgongo na pensheni ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Mtafuta ufadhili hana cheo chake serikalini. Anayefanya kazi inayofanana naye ni ofisa mipango wa wizara anayeandaa miradi kwa ajili ya Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, na analipwa kama ofisa mipango. Nafasi nono ziko kwenye vitengo vya kusimamia miradi mikubwa, kama ule wa BIG-Z, wa maendeleo jumuishi ya Zanzibar, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021. Humo wanaotafutwa ni wataalamu wa usimamizi wa fedha na wa manunuzi. Mwandishi wa andiko kazi yake imeshakwisha mradi unapoanza.

Pemba hali ni tofauti kidogo. Hoteli ni chache, kampuni binafsi chache. Mhasibu wa Chake Chake au Wete ana Serikali, shirika la Serikali la ZSTC linalonunua karafuu, matawi ya benki, na basi. Kwa hiyo mhasibu wa jumuiya anaweza kulipwa vizuri kuliko mwenzake wa duka la mjini, na anayeandika miradi anaweza kulipwa vizuri zaidi kwa kuwa wanaojua ni wachache. Ila mara nyingi ofisi kuu iko Unguja na bajeti inapangwa huko. Safari za kati ya visiwa huleta posho, na posho za mwezi mmoja zinaweza kukaribia mshahara. Usizihesabu. Hazikatwi ZSSF, benki haizitazami unapoomba mkopo, na mradi ukipunguza fedha zinakatwa mwanzo.

Mitikisiko miwili ya karibuni inaonyesha tofauti ya kazi hizi kuliko tarakimu yoyote. Machi 2020 ndege za watalii zilisimama na hazikurudi hadi Juni. Hoteli zikafungwa, na wahasibu wa hoteli wakaenda nyumbani kama wengine. Miradi ya wafadhili iliendelea, na mingine ikaongezewa fedha. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasitisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likawa limefunga kazi zake. Safari hii ni miradi iliyoanguka huku hoteli zikijaa. Lakini angalia nani hubaki mradi unapofungwa. Kanuni za Marekani hutoa siku 120 za kukamilisha ripoti za mwisho baada ya mradi kuisha, na ripoti hizo ni pamoja na za fedha, madai ya mwisho, orodha ya magari na kompyuta. Mhasibu huwa wa mwisho kuondoka. Mtafuta ufadhili anaambiwa sasa ndio akimbie zaidi, wakati kifungu kinachomlipa kimekwisha.

Hapo ndipo jumuiya zinapokumbuka fedha za nyumbani, na ni sehemu tunayoamini ina mustakabali kuliko inavyofikiriwa. Wazanzibari walioko Oman, Uingereza na Kanada wanatuma fedha kila Ramadhani. Misikiti inachangisha, familia zinaweka wakfu, watu wanatoa kwa simu. Fedha hizi hazina masharti ya asilimia 7. Tatizo lake ni kwamba watu wengi hawataki kusikia kwamba aliyezikusanya analipwa, wanaona sadaka imeliwa njiani. Kwa upande wa zaka, Sura ya Tawba, aya ya 60, inawataja wanaozitumikia miongoni mwa makundi manane yenye haki nayo. Namna ya kulitumia hilo katika jumuiya za leo ni ya masheikh, na waulizwe kabla, si baada ya manung'uniko. Kinachotuliza watu kwa vitendo ni hiki: mshahara wa mchangishaji utolewe kwenye mfuko tofauti uliochangiwa kwa kusudi hilo na wafadhili wachache waliokubali, kiasi kitangazwe, na orodha ya makusanyo na matumizi ibandikwe msikitini na itumwe kwa waliotoa. Mshahara hautakuwa mkubwa. Utakuwa wa kudumu.

Ukituuliza tungemwelekeza wapi kijana mwenye vipaji vyote viwili, jibu letu ni kuanzia hesabuni na kujifunza bajeti za wafadhili akiwa humo. Maandiko mengi hayashindwi kwa lugha, yanashindwa kwa bajeti: dereva amelipwa miezi 24 na gari limekodiwa miezi 18, mafunzo ya siku tatu yana posho za siku mbili, ukaguzi wa mwisho haumo kabisa, ZSSF ya mwajiri imesahauliwa. Mtu anayeandika maelezo kwa ufasaha na kujenga bajeti isiyo na tundu ni adimu mno Zanzibar. Huyo anaajiriwa kama mhasibu wa miradi au meneja wa ruzuku, mshahara wake unaingia kwenye gharama za moja kwa moja kwa sababu anasimamia fedha za mradi, na kuandika miradi kunakuwa sehemu ya kazi inayolipwa na jumuiya yenyewe kwa saa zinazohesabika. Anapokea kama mtafuta ufadhili na anadumu kama mhasibu.

Kabla ya kusaini popote, uliza maswali haya bila haya. Mshahara wangu uko kwenye mradi gani na unaisha tarehe ngapi? Nionyesheni mstari wenyewe kwenye bajeti. Mradi ukiisha kuna miezi mingapi ya akiba? ZSSF inakatwa kwenye mshahara wote au kwenye sehemu tu? Soma mkataba unataja sheria ipi, maana ajira si jambo la Muungano: hapa tunatumia Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na asasi zenye makao makuu Dar es Salaam huleta mikataba iliyonakiliwa kutoka sheria ya Bara. Baada ya miezi mitatu nenda ofisi ya ZSSF uombe taarifa ya michango yako. Kukatwa kwenye hati ya mshahara hakuna maana kwamba fedha imefika.

Kama unaingia upande wa ufadhili, dai mkataba wa miezi 24 kwa uchache. Tathmini ya mwaka wa kwanza iandikwe kwamba itapima maandiko uliyowasilisha kwa wakati, uhusiano uliojenga na wafadhili, na ripoti zilizokubaliwa, si fedha zilizoingia. Nyongeza ya mshahara iwe na tarehe, isifungwe na ushindi wa andiko lolote. Na jumuiya ikikwambia haiwezi kukuahidi miezi 24 kwa sababu haijui fedha zitatoka wapi, waambie mtafanya kazi kwa malipo ya siku hadi watakapojua.